Mawifi Wawili, Mtumbwi Mmoja

Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe, hata siku walizokosana. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, na mkono wa kulia ulionenepa kidogo kuliko wa kushoto kwa ajili ya mkasi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa vipande viwili, hatua sitini kutoka daraja la mto. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili: cha mguu kwa nguo nyepesi, na kile cha umeme, kizito kama jiwe, cha kushonea maturubai, mabegi na viti vya magari. Kitu kikishonwa na Fundi, watu walisema, utakitupa kwa kukichoka, si kwa kuchanika.

Mto aliuona kila siku na hakuwahi kuugusa. Mama yake alikuwa mwoga wa maji kupita kiasi, akawakataza wanawe hata kukanyaga ukingo, na Fundi akaurithi woga ule kama watu wanavyorithi pua. Akivuka daraja alipita katikati kabisa, akijifanya anaangalia magari.

Basi Jumatatu moja likaingia dukani rundo la majaketi ya rangi ya machungwa lenye miguu miwili. Rundo lilipotuliwa mezani, nyuma yake akatokea seremala wa chama cha mitumbwi, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye mji mzima ulimwita Kobe. Jina hilo alilipata kwa sababu asubuhi na jioni alionekana akitembea na mtumbwi kichwani, umemfunika hadi kiunoni, ukimtazama kwa nyuma ni gamba na miguu tu.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba. Leo umeniletea machungwa?"

"Majaketi okozi, mama. Kumi na manne. Mikanda imeng'oka, mishono imeachia. Msimu unaanza wiki ijayo na sina hata moja la kumvisha mtu."

Fundi akageuza moja, akavuta mkanda kwa vidole viwili, mkanda ukamfuata bila ubishi. Akaguna. "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Alishona siku nne, uzi wa nailoni mara mbili, kila pembe akaipigia msalaba. Ijumaa akayabeba mwenyewe hadi kwenye banda la chama, chini ya daraja, na hapo ndipo aliposhuka ngazi za mawe za mtoni kwa mara ya kwanza maishani, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Banda lilinuka vanishi na tope. Mitumbwi ilining'inia darini kwa kamba, na kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, zilisimama ukutani kama mikuki.

Kobe akayakagua majaketi, akaridhika. Kisha akajikuna kichwa. "Sasa nani atajaribu?"

"Jaribu wewe."

"Mimi naogelea, mama. Nikielea, hatutajua kilichoelea ni jaketi au ni mimi. Anatakiwa mtu asiyejua kabisa."

Fundi akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Sasa, mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kutoa kazi bila kuijaribu. Begi alilijaza matofali, pazia alilining'inia kwa mikono yake. Kuondoka pale na kuacha majaketi kumi na manne yasiyojaribiwa kulimuuma kuliko woga wenyewe. Akavua viatu. Akavaa jaketi juu ya gauni, akafunga mikanda mitatu, akavuta kila mmoja mara mbili.

"Nikifa," akasema, "mwambie mume wangu mkate ulioko kabatini ni wa jana."

Kobe akamshika mkono. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, baridi ikampanda hadi kwenye meno, na hatua moja mbele ardhi ikaisha. Roho ikamruka. Akafumba macho akingoja kuzama, akangoja, akangoja tena, na kuzama hakukuja. Alipofumbua alikuwa amelala chali juu ya mto aliouogopa nusu karne, gauni limevimba kama puto, na mishono yake mwenyewe imemshika kwapani kama mikono ya mtu. Akacheka. Alicheka kwa sauti hata wanaume wawili waliokuwa wakiosha gari ng'ambo wakasimama na matambara mikononi.

"Yamepita!" akapiga kelele. "Lete la pili!"

Aliyajaribu yote kumi na manne.

Tangu hapo Jumamosi asubuhi hakupatikana dukani. Chama kilikuwa na kikundi cha wanawake, na Fundi akaanza na kayaki. Alipenda kuwaeleza wateja kwamba kayaki huipandi, unaivaa, na ikikubana nyonga ujue imekukaa. Siku ya kwanza alipinduka mara tatu. Siku ya pili mara mbili, akaona ni maendeleo. Akajifunza kulishika kafi, lile kasia fupi la mkono, bila kulikaba. Akajifunza kuvuta kwa kiuno badala ya mabega. Akajifunza kuusoma mto, wapi maji yanakimbia na wapi yanadanganya. Mumewe, mwoka mikate aliyeamka alfajiri miaka thelathini bila kulalamika, sasa alikuwa na lalamiko moja.

"Tangu uanze mambo ya mto unakoroma kama tanuri langu."

"Basi usingizi ni mzuri," akajibu Fundi.

Na mambo yangeendelea hivyo, raha mustarehe, kama si wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mwoka mikate, mwalimu wa hesabu aliyepanda hadi kuwa mwalimu mkuu, na mwaka huo alikuwa amestaafu. Yeye na Fundi hawakuwa wamesemeshana miaka kumi na tisa. Kisa kilikuwa suti. Wifi alipopandishwa cheo, Fundi ndiye aliyemshonea suti ya kijivu ya kuvaa siku ya kukabidhiwa shule. Siku yenyewe, jukwaani, mbele ya wanafunzi mia nne, wifi akanyoosha mkono kuwapungia, na suti ikapasuka mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni, krrraaa, mpaka waliokaa nyuma wakasikia. Kesho yake wanafunzi walikuwa wameshampa jina: Madam Zipu. Jina hilo likamfuata hadi siku ya kuagwa. Wifi akadai kashonewa ovyo. Fundi akadai wifi alinenepa baada ya kupimwa. Toka hapo walizungumza kupitia kwa mwoka mikate, hata wakiwa meza moja. "Mwambie mkeo anipe chumvi." "Mwambie dada yako iko mbele yake." Na yeye, mtu wa amani, alisogeza chumvi.

Daktari ndiye aliyemleta wifi mtoni. Bega lake la kushoto lilikuwa limekakamaa, akaambiwa apige kafi kila wiki. Jumamosi moja alishuka ngazi akiwa na kofia pana, raba mpya nyeupe na filimbi ya shule shingoni. Akamwona Fundi. Fundi akamwona. Kila mmoja akaanza kufunga kamba za viatu vyake, ingawa Fundi alikuwa peku.

Kobe hakujua lolote. Alikuwa akipanga watu wawili wawili kwa mashindano ya mitumbwi ya mwezi ujao, kilomita sita kutoka kiwanda cha mbao hadi darajani, na aliwapanga kwa uzito ili mtumbwi ukae sawa. Aliweka mizani ya magunia katikati ya banda. Fundi akapanda.

"Sabini na nane," akasoma Kobe.

Wifi akapanda. Kobe akainama, akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Sabini na nane. Ah, safi! Nyie wawili mtumbwi mmoja."

Wifi akashuka kwenye mizani taratibu, akaitazama ile sindano, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akamtazama Fundi usoni na kutabasamu. Halikuwa tabasamu la upendo. "Sabini na nane," akasema, akilitafuna kila neno. "Sawasawa na yule aliyenenepa."

Kukataa hakuna aliyetaka, maana atakayekataa ndiye atakayekuwa ameshindwa. Ugomvi ukahamia kwenye viti.

"Mimi nakaa mbele," wifi akamwambia Kobe. "Mwalimu hukaa mbele."

"Sawa, mama. Usukani uko nyuma."

"Basi nakaa nyuma."

Kobe akamweka mbele hata hivyo, apige mwendo kwa kuhesabu, na Fundi akamweka nyuma, kwa kuwa mtu aliyeendesha kitambaa chini ya sindano miaka thelathini anajua mstari ulionyooka. Ilikuwa akili nzuri, lakini mtumbwi haukuisikia. Ukazunguka. Ukazunguka kulia mara nne, halafu, kwa haki, kushoto mara tatu. Wifi alihesabu kwa sauti ya mkutano wa asubuhi, "Moja! Mbili! Moja! Mbili!", na kila baada ya hesabu kumi aligeuka kuona kama mwanafunzi wa nyuma anavuta, na kila alipogeuka mtumbwi uliyumba.

"Kobe!" akaita Fundi kuelekea ukingoni. "Mwambie aliye mbele yangu asigeuke!"

"Kobe!" akaita wifi. "Mwambie aliye nyuma yangu apige kafi kulia!"

"Kobe, muulize, kulia kwake au kwangu?"

Kobe akaweka mikono kiunoni. "Mama zangu, mmeelekea upande mmoja! Kulia ni kulekule! Na mko umbali wa mkono mmoja, kwa nini mnapigia simu huku?"

Kikundi kizima kikavunjika mbavu. Hata hivyo, kuzunguka kuna mwisho wake. Kufikia wiki ya tatu mtumbwi ulikuwa unaenda mbele, na wiki ya nne ukaenda haraka, ingawa ndani hamkutamkwa neno isipokuwa moja na mbili. Fundi aligundua, bila kumwambia mtu, kwamba hesabu za wifi zilikuwa sahihi kama saa ya ukutani. Wifi naye alimwambia mdogo wake, huku akijifanya anachagua mkate, kwamba "huyo wa kwako" mtumbwi anaupeleka kama amechora mstari kwa rula. Mwoka mikate hakuamini masikio yake, akampa mkate wa bure.

Siku ya mashindano kulikuwa na mitumbwi minane na jua zuri la saa tatu. Watu walijipanga kwenye kingo. Kobe akapuliza honi ya mkononi, mitumbwi ikaruka, na kwa kilomita mbili za kwanza mawifi walikuwa wa tatu. Wa tatu! Mbele yao walikuwepo wauguzi wawili wenye mikono kama waogeleaji, na mbele ya wauguzi mama kinyozi na binti yake. Fundi aliona migongo ya wauguzi ikikaribia na moyo ukamvimba.

Kwenye kona ya kiwanda kingine cha zamani mto unagawanyika kuzunguka kisiwa cha matete. Wote walipita kushoto, kwenye maji mengi. Fundi akaona kulia ni karibu zaidi, akaona pia maji ya huko yanang'aa, na kung'aa huko alishafundishwa maana yake ni maji machache. Alijua. Lakini wauguzi walikuwa mita tano tu mbele. Akakata kulia.

Wifi akahesabu hadi ishirini. Kisha mtumbwi ukatoa sauti ya mtu anayekoroma, ukapungua mwendo, ukasimama. Walikuwa wamekaa juu ya mchanga katikati ya mto. Wa nne akapita upande wa pili wa matete, wakasikia makafi yake. Wa tano akapita. Wakasukuma kwa makafi, mchanga ukayameza ncha. Wa sita akapita akiimba.

Hapakuwa na Kobe wa kuitwa.

"Nimekosea," akasema Fundi mwishowe, akiongea na kofia iliyo mbele yake. "Niliona maji ni machache nikapita kwa tamaa."

Na labda kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, la pili likakosa breki.

"Na uzi ulikuwa mbovu, wifi."

"Uzi gani?"

"Wa suti. Wiki ile nilikuwa na maturubai kumi ya watu wa maonyesho, uzi mzuri ukaniishia. Nikatumia kibonge cha uzi wa zamani kilichokaa dirishani kwenye jua. Hukunenepa hata kidogo. Nilijua siku ileile, na kinywa changu kikakataa kufunguka."

Wifi akageuka, taratibu, na mara hii mtumbwi haukuyumba, maana haukuwa na pa kuyumbia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilifika nyumbani nikauvuta ule uzi, ukakatika kama tambi. Mimi nimefundisha watoto wadanganyifu maisha yangu yote, nisijue uzi uliooza? Nilikuwa nangoja useme."

"Miaka kumi na tisa?"

"Nina subira." Wifi akaivua kofia, akajipepea. Kisha akatazama matete, akatazama mawingu, akatazama kila kitu isipokuwa Fundi. "Na mimi kuna jambo. Yale mapazia ya ukumbi wa shule. Uliomba kazi ile."

"Niliomba. Sikujibiwa."

"Barua yako ilikuwa bora kuliko zote. Niliikalia. Nikampa yule fundi wa karibu na stendi."

Fundi akaweka kafi mapajani. Mapazia ya ukumbi wa shule aliyajua. Mji mzima uliyajua. "Yale? Yale yanayoning'inia kama kamasi?"

"Hayohayo! Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi!" Sauti ya wifi ikapanda. "Niliyatazama kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, wifi! Kila mkutano! Kila mgeni! Nimeadhibiwa mpaka nikaomba kustaafu!"

Fundi alijaribu kukasirika. Alitafuta hasira kila mahali, haikuwepo. Kilichotoka ni kile kicheko chake cha siku ya majaketi, kikubwa, cha tumboni, na wifi, ambaye walimu wenzake waliapa hana meno kwa kuwa hawakuwahi kuyaona, akaanza kucheka naye hadi miwani ikamdondokea mapajani.

"Sasa mmoja ashuke asukume," wifi akasema, akijifuta machozi.

"Anzia wewe, wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyetuleta."

Wakashuka wote wawili. Maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu. Watazamaji waliokuwa kwenye ukingo wa mbali waliona wanawake wawili wazima wamesimama katikati ya mto kama waliokanyaga sakafu, wameshikana mabega, wanacheka kama wasichana. Kisha wakaukokota mtumbwi hatua thelathini, wakauingiza kwenye maji ya kweli, wakapanda.

Walifika wa nane kati ya wanane. Kobe alikuwa ameshaikunja kamba ya kumalizia mashindano, ikabidi aikunjue tena. Mwoka mikate alisimama gatini na sinia la skonzi za moto alizowaletea washindani, na akawa tayari, kwa mazoea, kupokea ujumbe kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kwenda mbele.

"Wifi, nishike mkono nishuke," dada yake akasema.

"Kanyaga hapa, wifi, pale panateleza," mkewe akajibu.

Mwoka mikate akatazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyefutwa kazi bila barua. Kisha akaweka sinia chini, akaenda pembeni kidogo, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Aliporudi alidai ni moshi, ingawa hapakuwa na moshi popote.

Isidhaniwe kuwa walibadilika wakawa malaika. Waliendelea kubishana kila Jumamosi, tofauti ni kwamba sasa walibishana ana kwa ana, na mwoka mikate alisema nyumba haijawahi kuwa na kelele kiasi hicho wala yeye kula kwa utulivu kiasi hicho. Bega la wifi likalainika. Msimu uliofuata walimaliza wa tano, na mzozo wa nani alichelewesha ukadumu miezi miwili.

Msimu wa tatu wakakata shauri kufanya jambo lisilo na mshindi. Maili nyingi chini ya mji, mto wao huungana na mto mwingine mkubwa zaidi, na katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kufika. Waliondoka asubuhi na mapema, na chupa ya chai na mikate miwili, wakapita nyuma ya nyumba walizozijua kwa mbele tu, wakapita machimbo ya mchanga, wakapita mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ndege weupe waliowatazama bila kuwaogopa. Saa sita mchana ukingo wa kulia ukaisha ghafla na mbele yao kukawa na upana wa maji ambao Fundi hakuwa na kipimo chake.

Mito miwili haikuchanganyika mara moja. Mto wao wa kahawia, ule mwingine wa kijani, ilikwenda sambamba kwa mwendo mrefu, na katikati ulipita mstari uliojikunja kidogo tu. Wakauweka mtumbwi juu ya mstari wenyewe na kuacha makafi. Fundi akatia mkono upande wa kushoto, maji yalikuwa vuguvugu. Akatia upande wa kulia.

"Wifi, gusa huku. Ya huku ni baridi!"

Wifi akagusa huku, akagusa kule, akarudia kama anayesahihisha mtihani asiouamini. Kisha akageuka kutazama walikotoka, akaupima mkondo kwa jicho, na uso ukambadilika.

"Wifi," akasema, "kurudi ni kupandisha."

"Ndiyo."

"Ulilijua hilo tulipokuwa tunashuka?"

"Nilidhani wewe umepiga hesabu!"

Wakamaliza chai kwanza. Kisha wakageuza mtumbwi.